Bwawa la Mawe ya Sabuni

Jambo la kwanza lililonikera niliporudi nyumbani ni kwamba niliamka alfajiri nikitoka jasho. Mwezi wa saba, jamani! Nilikuwa nimebeba sweta mbili na shali nzito, maana kichwani mwangu kwetu bado ni kule kwa zamani, bondeni kupita soko la Nyamarambe, ambako mwezi wa saba ukungu ulikuwa unakaa mpaka saa nne na mtu alioga akipiga kelele. Sweta zikarudi kwenye begi bila kukunjuliwa. Ndugu zangu walinicheka. Wao wamezoea, joto limewajia polepole, mwaka baada ya mwaka, hata hawalioni.

Siku hiyohiyo nilipita karibu na shule ya msingi nikakuta watoto wamepanga foleni uwanjani. Muuguzi alikuwa na kijiti kirefu chenye alama, anamsimamisha mtoto, anampima kimo, halafu anampa vidonge kulingana na alama aliyofika. Mtoto anameza, anakunja uso, anakimbilia wenzake. Nikauliza ni dawa ya nini. Ya kichocho, muuguzi akanijibu, kama mtu anayetaja mafua, wanameza hivyo basi imeisha. Nilishika ua wa shule nikawatazama wakimeza. Imeisha! Rafiki yangu, shangazi yangu alipoteza mchumba kwa ugonjwa huo, akapoteza kwaya, na mwisho uhai, lakini kabla ya vyote hivyo alipoteza jina lake. Hilo la jina ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Kwa asiyejua kwetu, nieleze. Vilima vyetu vina mawe laini ambayo tunayaita mawe ya sabuni, unaweza kuyachonga kwa panga na kisu. Wanaume huyachimba na kuyachonga viboko, ndovu, vibakuli, watu waliokumbatiana. Kazi ya mwanamume ikiisha, jiwe bado lina vumbi na makovu ya kisu, halina haiba yoyote. Haiba huletwa na wanawake. Wao hulizamisha jiwe majini na kulisugua kwa msasa, kwanza ule wa kukwaruza, kisha ule laini, wakiligeuzageuza, mpaka rangi yake itokee, nyeupe au ya waridi au yenye mishipa ya kijivu. Ni kazi ya maji tangu mwanzo hadi mwisho. Bila maji huna cha kupeleka mjini.

Baba yangu alikuwa mchongaji, na shangazi, dadake mdogo, ndiye aliyemsugulia. Aliishi nasi, kwa nyanya, kwa kuwa hakuwa ameolewa bado. Nilikuwa msichana wa darasa la pili au la tatu hivi mwishoni mwa ile miaka ya themanini, na kila nilipotoka shule nilimfuata kijitoni. Wanawake walikaa kwenye mawe kandokando ya maji wakiongea na kusengenya, na sauti ya misasa yote pamoja ilikuwa shwaa, shwaa, haikomi. Kijito kilikuwa chembamba lakini kina kasi, na maji yake yalikuwa baridi ya kuuma. Hawangeweza kukaa nayo muda mrefu. Wakisugua kidogo wanatoa mikono, wanaipuliza, wanaikumbatia makwapani, halafu wanarudi. Shangazi vidole vyake vilipasuka kila mwaka msimu wa baridi, na nyanya alimpaka siagi ya ng'ombe huku akimkaripia kana kwamba ni yeye aliyeleta baridi.

Jioni tulikula nyumbani kwa nyanya. Obokima, ule ugali wetu mwekundu wa wimbi, na chinsaga, mboga chungu iliyochemshwa mpaka ikalainika kisha ikatiwa maziwa. Kama kulikuwa na ndizi za kuchoma, tulizichimbua kwenye jivu. Na nyanya alikuwa na neno lake, alilirudia kila mgeni alipotaja homa au magonjwa ya kule chini ziwani. Alisema Mungu aliwapa wale samaki, sisi akatupa baridi, na baridi ndiyo dawa yetu. Tuliamini. Hata mbu tuliwahesabu kuwa wa watu wengine. Ukimkuta mtu wa kwetu anachemsha maji ya kunywa, ungejua amewahi kuishi mjini.

Halafu mvua zikaanza kutuchezea. Za mwezi wa tatu zikaja wa tano, za mwezi wa tisa zikaja mara moja kwa kishindo na kukatika. Watu walisema ni mwaka mbaya tu, utapita. Ukaja mwingine kama huo. Kijito kikapungua hadi ukaweza kukivuka bila kulowesha kifundo cha mguu, na misasa ikawa inakwaruza jiwe kavu. Mwenye duka la Kihindi pale Kisii mjini, aliyekuwa akinunua kazi ya baba na kuipeleka mbali, alianza kurudisha vipande akisema vina mikwaruzo. Basi wachongaji wakashauriana. Mawe ya kutupwa yalikuwa tele, vipande vilivyovunjika mkononi, vichwa vya viboko, masikio ya ndovu. Wakayabeba kwa mikokoteni, wakayapanga mtoni wakaziba kwa udongo. Baba ndiye aliyeonyesha mahali, ndiye aliyeweka jiwe la kwanza. Nakumbuka alivyosimama kwenye ule ukuta maji yalipoanza kujaa, suruali ameikunja, anacheka. Baba yangu hakuwa mtu wa kucheka.

Bwawa lile lilikuwa neema, sitasema uongo. Maji yalitulia, jua likayapiga, yakawa vuguvugu. Wanawake walishangilia. Sasa hakuna tena kupuliza mikono. Walikunja marinda na kuingia ndani mpaka magotini, wakaketi kwenye mawe yaliyozama, wakasugua tangu asubuhi hadi jua linapoinama. Shangazi alipenda kuliko wote. Alikuwa na kazi nyingi, na ule upasukaji wa vidole ukaisha kabisa. Aliimba akisugua. Alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu, mstari wa mbele, na nyimbo za siku ya ibada alizifanyia mazoezi bwawani wiki nzima, hata sisi watoto tulizijua kabla ya kwaya yenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja aliyepanda kutoka upande wa ziwa kuuza samaki sokoni. Samaki wake aliwafunika kwa majani ya maji yaliyolowa ili wasiharibike kwa jua, majani manene yenye ua la zambarau. Ilikuwa miaka ile gugu hilo lilipoanza kulifunika ziwa. Akiuza akamaliza, alipitia bwawani kuosha vikapu, akapumzika na wanawake, akapewa ndizi. Majani aliyatupa pale pale ukingoni. Msimlaumu, hata sisi tuliyafurahia. Wiki chache baadaye yalikuwa yameshika mizizi na kutoa maua, na shangazi alichuma akapamba meza ya kanisa.

Chini ya majani hayo ndipo tulipoanza kuwaona konokono. Tulijua konokono wa shambani, mkubwa mwenye nyumba iliyochongoka. Hawa walikuwa wengine kabisa, wadogo, bapa kama kifungo cha koti, wamejiviringisha. Haikupita muda wakawa kila mahali. Tuliwakwangua kwenye mawe, tukacheza nao duka, wao wakiwa sarafu. Baba aliwatazama kwa macho ya mchongaji akapenda ule mviringo. Akachonga mmoja mkubwa wa jiwe jeupe, shangazi akamsugua mpaka akang'aa, na yule mwenye duka akaagiza wengine. Kwa hiyo ndiyo, tulikula kwa konokono. Nyanya alipoonyeshwa wale wa majini alicheka tu. Akasema hao ni wageni wa joto, ikifika miezi ya baridi watakufa wenyewe. Miezi ya baridi ikafika, haikuwa na baridi ya kutosha kuua hata inzi.

Shangazi alianza kwa kuwashwa. Akitoka majini alijikuna miguu mpaka ikatoa vipele, nasi pia tulijikuna, ikaonekana ni mambo ya majani. Baadaye akawa mchovu. Aliketi kwenye jiwe na msasa mkononi bila kusugua, mpaka mtu amguse bega. Tumbo lilimsokota, akawa anakwenda chooni kila mara, na kama aliona damu hakumwambia mtu. Sasa katikati ya haya yote, mwalimu mmoja wa shule jirani alikuwa ameleta wazee wake kwa baba. Mwalimu mpole, viatu vyake safi hata kwenye matope. Mazungumzo ya ng'ombe yalikuwa yamefika pazuri. Shangazi alikuwa na miaka ishirini na kitu na nilikuwa sijawahi kumwona ana furaha namna ile, mchovu na mwenye furaha kwa wakati mmoja. Alinishonea gauni la kuvaa siku ya harusi yake, la kijani, lenye mfuko mmoja.

Ndipo tumbo lake likaanza kujaa.

Unajua vijiji. Mikono ikawa myembamba, uso ukakonda, tumbo likatangulia, na wanawake walewale aliokaa nao majini wakaanza kunyamaza akifika. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mwalimu alisikia. Alijua mwenyewe kwamba hakuwa amemgusa, kwa hiyo akilini mwake ikawa lazima kuna mwingine. Hakuja kuuliza. Alituma mzee mmoja aje aseme wanaomba kusubiri kwanza, na kwa heshima yetu ya kusema mambo kwa kuzunguka, kila mtu alielewa kwamba posa imekufa.

Wazee wa kanisa walimwita shangazi kwenye chumba kidogo cha nyuma. Alituambia baadaye walimwuliza kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza. Aliwaambia hajawahi kulala na mwanamume. Wakamjibu kwamba Mungu husamehe anayekiri. Hakuwa na la kukiri, basi wakamtoa kwenye kwaya mpaka atakapokuwa tayari. Alirudi nyumbani na vazi lake la kwaya limekunjwa vizuri kwapani.

Lakini lililomvunja halikutoka kanisani. Lilitoka jikoni. Nilikuwa nachambua chinsaga pembeni, nyanya anakoroga sufuria, na bila kuinua macho akamwuliza binti yake wa kumzaa, "Mtoto ni wa nani?"

Shangazi alisimama. "Hata wewe, mama?"

Nyanya aliendelea kukoroga. Shangazi alitoka nje akaenda bwawani, mahali pekee ambapo alikuwa na kazi ya kufanya, akaingia majini akasugua mpaka jioni.

Miezi tisa ikafika, ikapita. Mtoto hakuonekana. Ungedhani hapo watu wangeona haya, sivyo? Wapi! Wengine walisema mimba imekwenda mgongoni, italala huko miaka. Wengine walisema amemeza dawa, imeoza ndani. Kila mtu alikuwa na maelezo na yote yalianza kwenye mimba. Ukisha kumpa msichana jina hilo, hata ukweli ukija unakuta kiti kimekaliwa.

Asubuhi moja alitapika damu, nyingi, mlangoni, mbele yetu. Baba na jirani walimbeba kwa machela ya magunia hadi barabarani, wakapata gari la kubeba chai, wakamfikisha hospitali ya misheni. Daktari alimbonyeza tumbo, akamwuliza baba wanaishi karibu na ziwa gani. Baba alisema hatuna ziwa, sisi ni watu wa vilimani, maji yetu ni ya kijito tena ni baridi. Daktari akauliza kama hapana mahali yaliposimama.

Baba alitusimulia hayo mara moja tu, na alipofika hapo alishindwa kuendelea, ikabidi mama amalizie. Daktari aliwaeleza kuhusu kichocho. Kwamba kuna mdudu anayekulia ndani ya konokono wa namna ile, kisha anatoka na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Kwamba konokono peke yake hana hatia, huanza mtu mwenye ugonjwa anapojisaidia karibu na maji, na sisi tulikuwa na vijana wengi waliokwenda kufanya kazi chini ziwani na kurudi, na vichaka kando ya bwawa ndivyo vilikuwa choo cha wote. Kwamba zamani konokono hao hawakuweza kuishi kwetu kwa sababu ya baridi na kasi ya maji. Vyote viwili tulikuwa hatunavyo tena. Shangazi alikuwa amekaa majini miaka mingi, ini lilikuwa limekauka, na tumbo lile lilikuwa wengu na maji. Hapakuwa na mtoto. Hapajawahi kuwa na mtoto.

Baba alishuka kwenye gari akaenda bwawani moja kwa moja na mtaimbo. Aliubomoa ukuta peke yake, kipande kwa kipande, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Maji yalikwenda, konokono wakabaki kwenye tope wakikauka. Najua ungependa niishie hapo. Wiki iliyofuata wachongaji wengine waliujenga upya. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto shuleni na mvua ilikuwa bado haijaja, na jiwe bila maji halisuguliki. Wake zao waliingia tena majini wakaketi, na baba hakubomoa mara ya pili. Aliacha kuchonga. Alipanda mahindi mpaka alipozeeka.

Shangazi alirudi na dawa imeua wadudu, lakini ini halikurudi. Mikono ilibaki myembamba, tumbo lilibaki mbele. Sasa kila mtu aliambiwa ukweli. Baba alikwenda kwa wazee wa kanisa na karatasi ya hospitali, nao wakamsikiliza, wakasikitika, wakasema wanamwamini dada yetu kabisa. Shangazi aliomba kitu kimoja tu, aimbe. Wakasema bila shaka, ila tungoje kidogo tumbo lishuke, maana wageni hawajui habari yake, wakimwona mbele vile watafikirije? Alingoja. Siku za ibada alikaa nyuma karibu na mlango, nami nilikaa naye, na kwaya ilipoimba nilisikia anaimba ile sauti ya kwanza kwa chini sana, bila kufungua midomo. Alingoja hivyo zaidi ya mwaka.

Ilipokuja mvua ile kubwa ya mwishoni mwa miaka ya tisini, iliyobeba madaraja na migomba, iliubeba na ukuta wa bwawa. Shangazi alitapika damu tena mvua ikinyesha. Barabara ilikuwa imekatika. Alifariki kabla ya jioni, kichwa chake kwenye mapaja ya nyanya.

Msichana ambaye hakuolewa, kwetu, huzikwa pembeni, karibu na ua. Kanisa lilikuja, kwaya ikaja na mavazi yake. Mzee wa kanisa alisoma maisha yake, kuzaliwa, shule, ubatizo, na alipofika kwenye kwaya akasema marehemu alipumzika kuimba kwa sababu ya ugonjwa. Nyanya alisimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, na Kiswahili cha mzee yule hakukielewa chote, lakini hilo alilielewa. Akasema kwa lugha yetu, wote wasikie:

"Hakupumzika. Mlimwondoa. Mimi nilimwondoa kwanza, jikoni kwangu, halafu nyinyi. Sasa semeni kilichokuwa tumboni mwa mtoto wangu."

Mzee alishika karatasi yake. Kisha mtu fulani katika kwaya akaanzisha wimbo, wenzake wakaudaka haraka, na maneno yake yakafunikwa kama tulivyomfunika shangazi.

Siku ya ibada iliyofuata nyanya aliingia kanisani, akapita viti vyote, akaenda kukaa mstari wa mbele wa kwaya, mahali pa sauti ya kwanza. Hakuimba, hakuwa na sauti. Alikaa tu na kitambaa chake cheusi kichwani katikati ya wasichana wenye mavazi meupe. Alifanya hivyo kila wiki mpaka miguu ilipokataa, na hakuna mzee hata mmoja aliyemwambia atoke. Nadhani alitaka waone pengo hilo lina mwenyewe.

Nyanya amekwenda, na baba naye. Kijito siku hizi ni mfereji wa tope, mawe yanasuguliwa kwenye beseni majumbani, na ile sauti ya misasa mingi pamoja huwezi kuisikia popote. Ukungu umeisha. Wanawake waliokaa kwenye mawe wakipuliza vidole nimewatafuta, wengi ni makaburi. Nilijiambia angalau kanisani kutakuwa na kumbukumbu, nikaenda. Limepakwa rangi, lina vipaza sauti. Msichana mmoja alikuwa anafagia mbele, akaniamkia vizuri, akanikaribisha. Akasema yeye ni wa sauti ya kwanza. Nikamwuliza kama aliwahi kusikia habari za shangazi yangu, aliyekuwa akisimama pale pale alipo.

Akafikiri kidogo. "Ooh," akasema, "yule aliyekufa na mimba?"

Hakuwa na ubaya, amezaliwa baada ya hayo yote, aliambiwa na mama yake. Nikamwambia hapana, mwanangu, weka ufagio nikueleze. Akatazama saa akasema samahani, mama, wenzangu wananingoja mazoezini, labda siku nyingine.